Mkutano wa watu 500 Arusha bila kuacha mlima wa taka: maji, chakula, umeme, usafiri (wataalamu karibuni)

Mratibu wa Sekei

Wakuu, salaam kwenu.

Mji wetu unakula kwa mikutano. AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha Arusha, ipo tangu 1978, ilirithi majengo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani iliyovunjika 1977. Leo tuna makao makuu ya EAC (Jumuiya ya sasa), Mahakama ya Afrika, PAPU (umoja wa posta wa Afrika), na hoteli kuanzia Njiro hadi Usa River zinazotegemea kumbi. Mashirika yanayoleta mikutano sasa yanaweka kipengele cha mazingira kwenye zabuni, wengine wanataja kabisa ISO 20121, kiwango cha kimataifa cha kuandaa matukio yanayojali mazingira. Jibu letu la kawaida ni mapipa matatu ya rangi mlangoni mwa ukumbi. Picha zinapigwa, mfadhili anafurahi. Jioni linakuja gari moja, linabeba yote matatu kwa mkupuo, safari ni dampo la Muriet.

Hoja yangu ni kwamba taka za mkutano zinaamuliwa kwenye oda na mkataba, wiki tatu au nne kabla. Zikishafika ukumbini, kilichobaki ni kuchagua zilale kwenye pipa la rangi gani.

Tutumie mfano mmoja uzi wote ili hesabu zilingane: watu 500, siku 3, chai mbili na chakula cha mchana. Naanza na maji.

Kawaida mjumbe anawekewa chupa 2 za nusu lita mezani, halafu 2 nyingine kwenye chai na chakula. 500 × 4 × 3 = chupa 6,000. Chupa tupu ina gramu 12 hivi, kwa hiyo hizo ni kilo 72 za plastiki. Uzito si mkubwa, tatizo ni ujazo: bila kukandamizwa zinakula karibu mita 5 za ujazo, nusu ya Canter, na nyingi zimeachwa na maji nusu.

Mbadala ni madumu ya lita 18.9 kwenye dispensa. Piga lita 1.5 kwa mtu kwa siku, ni lita 750, yaani madumu 40 kwa siku. Bomba moja kwa watu 50, kwa hiyo mabomba 10. Sababu: bomba la dispensa linatoa lita 1.5 hadi 2 kwa dakika, glasi ya ml 250 inachukua sekunde 8 hadi 10, ongeza sekunde za kupishana. Mapumziko ya dakika 15 yanapitisha watu 60 kwa bomba moja, hapo ukiwa na bahati.

Yanayoharibika:
- Dispensa ya kawaida inapoza lita 2 tu kwa saa. Watu wanane wa kwanza wanapata ya baridi, wa tisa analalamika. Toa maji ya kawaida kwa wote, na uandike hivyo.
- Ile hita ya ndani ni wati 500 kwa kila moja. Kumi zikiwaka pamoja na mashine za chai kwenye laini moja ya soketi, breka inaruka. Zima hita, chai ina birika lake.
- Vikombe vya karatasi: ndani vina utando wa plastiki. Havirejelezwi hapa na havigeuki mboji. Umetoa plastiki mlango wa mbele ukairudisha kwa nyuma. Kodi glasi 650 kwa watu 500 na uhakikishe kuna mtu wa kuosha.

Halafu hili wengi hawalijui: chupa ziko ndani ya kifurushi cha siku ambacho hoteli inatoza kwa kichwa. Ukisema "hatutaki chupa" kwa mdomo, hoteli itakubali, itaziweka vilevile, na bei haitashuka. Omba kifurushi kivunjwe kipengele kwa kipengele, maji yaondolewe kwenye bei, na mkataba uandike "chupa za chini ya lita 5 zisiwekwe ukumbini, kwenye chai wala vyumbani mwa wajumbe". Vyumbani ndipo watu husahau.

Wataalamu wa chakula, umeme na taka, uwanja ni wenu.

---

kiti cha nyuma

Ngoja nikae hapa karibu na jiko. Uzi utanoga huu.

---

Chemchem

Mkuu Mratibu, hesabu ya mabomba iko sawa. Naongeza jambo moja kabla mtu hajaja na wazo la "tuwape maji ya bomba kama Copenhagen". Kweli mkutano wa tabianchi wa 2009 kule ulitoa maji ya bomba badala ya chupa. Lakini Copenhagen haiko chini ya Mlima Meru.

Maji ya ukanda huu yana floraidi kutoka kwenye miamba ya volkano. Kikomo cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima na chemchemi nyingi za kuzunguka Meru zinavuka hapo, nyingine mara kadhaa. Mjumbe wa siku tatu hatadhurika. Anayeumia ni mfanyakazi wa hoteli na watoto wake wanaoyanywa miaka yote, meno yale ya kahawia mnayajua. Ila ukiweka bango "maji salama ya bomba" halafu mjumbe mmoja akaomba cheti cha maabara, umeumbuka.

Kinachotoa floraidi na kisichotoa:

Kuchemsha hakutoi, kunaongeza, kwa sababu maji yanapungua na floraidi inabaki. Chujio la kaboni ya kawaida halitoi, la udongo halitoi, taa ya UV haitoi. Vinavyofanya kazi ni mtambo wa RO, ule unaosukuma maji kwa presha kwenye utando, au mkaa wa mifupa, ambao kituo cha Ngurdoto kimeufanyia kazi miaka mingi.

RO ndogo ya hoteli inamwaga lita 2 hadi 3 ili ikupe lita 1 safi. Lita 750 za kunywa ni lita 1,500 au zaidi za kumwaga kila siku. Hayo yaelekezwe kwenye tangi la vyoo na kudeki. Msimwagilie bustani msimu mzima, chumvi itajikusanya kwenye udongo. Mkaa wa mifupa haumwagi maji lakini ukishiba unaacha kufanya kazi kimyakimya: ladha haibadiliki, rangi haibadiliki. Bila kipimo huwezi kujua.

Kwa hiyo kwenye mkataba wa maji omba majibu ya maabara yenye floraidi na E. coli (bakteria wa kinyesi), sampuli ikiwa imechukuliwa kwenye bomba la kujazia madumu. Ya chanzo haitoshi. Tarehe iwe ya karibuni.

Na usafi wa dispensa, hapo ndipo watu huharibu kazi nzuri. Usiku wa kuamkia mkutano: toa maji yote, changanya ml 15 (kijiko kimoja cha mezani) za klorini ya dukani ya asilimia 3.5 kwenye lita 10 za maji, inakupa kama miligramu 50 kwa lita. Pitisha kwenye mabomba yote mawili, iache dakika 10, fungulia, suuza mara mbili. Futa shingo ya dumu kabla ya kupindua. Uchafu mwingi unaingilia kwenye ile shingo iliyoburuzwa sakafuni pamoja na dumu.

---

Mpishi wa Njiro

Asante Chemchem. Mimi nizungumzie sufuria.

Kwanza idadi. Waliojiandikisha 500 hawali 500. Siku ya kwanza wanakaribia, siku ya tatu mchana wengine wako njiani kwenda uwanja wa ndege wa KIA, wengine wako Soko la Maasai. Mkataba unaosema "chakula cha watu 500 kwa siku 3" ndio unaopika taka. Andika hivi: idadi ya uhakika ithibitishwe saa 48 kabla, kwa kila siku peke yake, malipo ya lazima yawe asilimia 85 ya waliojiandikisha, jikoni wawe na akiba ya asilimia 10 ya vitu vinavyoiva haraka na visivyoharibika vikibaki vibichi, yaani mchele kwenye gunia, mayai, unga wa chapati. Akiba mbichi haina hasara.

Pili vipimo. Kosa kubwa la kateringi zetu ni wanga. Bafe ina wali, pilau, ndizi, chapati na viazi, na kila kimoja kimepikwa kama vile ndicho pekee. Mchele gramu 100 mbichi kwa mtu ni sawa kama kuna wanga mwingine mmoja. Ukiwa na aina tatu, jumla yake yote mbichi iwe gramu 150 kwa mtu. Nyama yenye mfupa gramu 180 mbichi, mboga 120, matunda 150. Kwa watu 425 hiyo ni kilo 64 za wanga. Jikoni nyingi zitakuambia kilo 120 kwa sababu zinaogopa aibu ya sinia tupu.

Dawa ya hofu hiyo ni ukubwa wa sinia. Anza na masinia makubwa ya bafe, foleni ikishapita robo tatu, badilisha yote yawe ya nusu. Sinia dogo lililojaa linaonekana la heshima kuliko kubwa lenye wali kidogo pembeni. Sahani ziwe za sentimita 23 hadi 25, achana na zile za 28. Nyama igawiwe na mhudumu, mboga na wanga watu wajipakulie.

Tatu, pima. Ndoo tatu, kila moja na mizani yake: maganda ya jikoni, kilichobaki kwenye bafe, kilichorudi kwenye sahani. Msizichanganye, kwa sababu kila ndoo ina mwenye kosa wake. Bafe ikibaki nyingi, oda ilizidi. Sahani zikirudi zimejaa, chakula hakikupendeza au kijiko cha kupakulia ni kikubwa. Maganda yakizidi, mkata mboga anakata nene. Mkizimwaga pamoja mtabaki mnabishana.

Chakula kizuri kilichobaki: ambacho hakijatoka jikoni na kimekaa juu ya nyuzi 60 kinaweza kutolewa kwa kituo cha watoto au popote mlipokubaliana kabla kwa maandishi. Kilichokaa kwenye bafe zaidi ya saa 2 kisitolewe kwa mtu, hata kama kinanukia vizuri. Wali ndio mbaya zaidi, una bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa. Kama unataka kuupoza, umwage kwenye trei, kina kisizidi sentimita 5, ufike nyuzi 20 ndani ya saa 2. Wali wa sufuria la lita 100 uliofunikwa una moto katikati hadi usiku.

---

Sanawari7

Wakuu nauliza tu, haya ya kupimia sahani si ndio ubahili wenyewe? Mgeni katoka mbali, anakuja kuhesabiwa nyama? Kwetu mgeni akila chakula kikaisha ni aibu ya ukoo mzima.

---

Mpishi wa Njiro

Ndugu Sanawari, mgeni anashiba vilevile, na anaweza kurudi mara ya pili. Kinachokatwa ni kile kinachoenda Muriet. Ukiona bado kuna wasiwasi, weka sufuria la ndizi nyama kama akiba nyuma ya pazia. Likibaki halijafunuliwa, lina mlaji.

---

Taka ni Mali

Shikamooni wakubwa.

Mpishi ameishia kwenye ndoo, mimi naanzia hapo. Makombo Arusha yana wateja tayari: wafugaji wa nguruwe. Wanakuja na mapipa wenyewe, wengine wanalipa. Ni njia nzuri lakini ina mitego.

Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na kirusi chake kinakaa kwenye nyama ya nguruwe muda mrefu. Kama menyu ina nguruwe, soseji au bekoni ya asubuhi, ndoo hiyo isiende kwa mfugaji kabisa. Nyingine zote zichemshwe dakika 30 zikitokota huku zinakorogwa, hapo hapo kwa mfugaji, na hilo liwe kwenye makubaliano.

Mtego wa pili ni vijiti vya meno. Vinatoboa utumbo wa nguruwe. Usiweke mezani, weka mlangoni mtu akitoka. Vivyo hivyo karatasi za foili za siagi, pini za mifuko ya chai, vifuniko vya soda. Wa tatu ni chumvi: makombo ya mkutano yana chumvi nyingi, nguruwe asiye na maji muda wote anaweza kufa kwa hiyo.

Mboji. Chukua gramu 200 kwa mtu kwa siku, pamoja na maganda. Ni kilo 100 kwa siku, kilo 300 kwa mkutano, kama nusu mita ya ujazo. Unahitaji ndoo 3 za vitu vikavu kwa ndoo 1 ya chakula: majani makavu, maganda ya kahawa kutoka viwanda vya kukoboa, magunzi yaliyosagwa, maranda kiasi (si ya mbao zilizopakwa dawa). Unapata lundo la mita 2 za ujazo, ambalo linatosha kupata joto. Chini ya mita 1 joto linakimbia.

Lifike nyuzi 55 hadi 65 ndani ya siku tatu nne. Ligeuze kila joto linapoanza kushuka, angalau mara 5 ndani ya wiki mbili za mwanzo. Unyevu: kamata ngumi moja, kamua. Litoke tone moja au mawili. Maji yakichuruzika ni mabichi mno, yasipotoka hata unyevu vidoleni, mwagia.

Harufu ndiyo inayokuambia kosa. Ikinuka kama mkojo, chakula kimezidi, ongeza kavu. Ikinuka mayai viza, hewa haiingii, geuza na ongeza magunzi. Likikaa baridi, ni dogo au kavu. Mbwa na korongo wakilivamia, hujafunika. Juu weka kavu tupu sentimita 15. Mboji iko tayari baada ya wiki 8 hadi 12, kwa hiyo ukumbi wenye mkutano kila wiki unahitaji malundo kadhaa kwa zamu na eneo lake. Lundo moja la maonyesho karibu na geti halisaidii.

Kuna funza wa nzi askari mweusi pia, wanamaliza chakula kwa siku 12 hadi 14 na wenyewe ni chakula cha kuku. Wanahitaji mlisho wa kila siku bila kukatika. Mkutano wa siku tatu kisha wiki mbili kimya, funza wako watakufa njaa. Peleka makombo kwa anayefuga tayari.

Na kuhusu yale mapipa matatu ya Mratibu: weka mawili tu, chakula na vitu vikavu, siku zote yakiwa pamoja. Pipa likisimama peke yake hupokea kila kitu. Mfuniko wa kavu uwe na tundu la duara la chupa. Mtu mmoja asimame kwenye kila kituo dakika 30 za chakula, basi, halafu aende zake. Ndani ya ukumbi usiweke hata moja. Mkataba wa mzoaji udai karatasi ya mizani kwa kila aina, na magari mawili au safari mbili. Chupa zilizopo ziuzwe na vifuniko vyake: kiwandani zikisagwa, vifuniko huelea na chupa huzama, wanatenganisha kwa maji. Zile nyeupe angavu zina bei kuliko za rangi, zitenganishe.

---

Nairobi Kusini

Habari zenu majirani. Huku kwetu kutenganisha taka pale zinapotoka ni sheria tangu 2022, ile ya usimamizi endelevu wa taka. Utekelezaji ni hadithi nyingine. Lakini nimependa la karatasi ya mizani, huku wengi wanapewa cheti chenye nembo nzuri bila kilo hata moja ndani.

Swali: wajumbe wa Nairobi kwenda Arusha mnawapangia vipi? Naona wengi wanaruka hadi KIA.

---

Dereva KIA

Kaka wa Nairobi, jibu lako liko kwenye ratiba ya kikao. Nairobi hadi Arusha kupitia Namanga ni kilomita 270 hivi, basi dogo linachukua saa 5 hadi 6 pamoja na mpaka, na mpaka siku hizi ni kituo kimoja. Ukiandika ufunguzi Jumatatu saa 2 asubuhi, kila mtu anakuja Jumapili, kwa ndege, na analipiwa usiku wa ziada. Ukiandika usajili saa 7 mchana na ufunguzi saa 8, wa Nairobi na wa Moshi wanakuja siku hiyo hiyo kwa barabara.

KIA hadi mjini ni kilomita 50. Tuseme wajumbe 200 wanatua. Utaratibu wa kwetu, Land Cruiser moja watu wawili, maana kila bosi na gari lake. Safari 100, kila moja kwenda na kurudi kilomita 100, lita 12. Jumla lita 1,200. Coaster za watu 20: safari 10, lita 17 kila moja, jumla lita 170. Lita moja ya dizeli ni kilo 2.68 za hewa ukaa, kwa hiyo tani 3.2 dhidi ya chini ya nusu tani.

Linaloharibu Coaster ni kusubiri. Mtu katoka safari ya usiku hatakaa saa mbili kwenye kiti. Kusanya namba za ndege wiki moja kabla, zipange kwa madirisha ya dakika 60, gari liondoke dirisha likifungwa hata likiwa na watu 9. Aliyechelewa anaingia linalofuata. Na wakubwa wawekwe kwenye orodha tangu mwanzo, msidanganyane kwamba waziri atapanda Coaster.

Tusijidanganye pia kwenye kubwa zaidi: mjumbe mmoja kutoka Ulaya, kwenda na kurudi, anazidi tani 1 peke yake. Watatu tu hao wamefikia Land Cruiser zote nilizotaja. Anayekuja kusoma salamu za dakika 10 aunganishwe kwa video.

---

Fundi Umeme 415

Jenereta.

Waandaaji wanakodi kVA 250 "kwa usalama". Ukumbi wa watu 500 wenye taa za LED, sauti, projekta mbili na vibanda vya wakalimani mara nyingi hauvuki kW 30. kVA 250 ni kW 200, kwa hiyo mashine inabeba asilimia 15. Injini ya dizeli chini ya asilimia 30 haichomi mafuta yote: mafuta mabichi yanapita, bomba la moshi linatoa majimaji meusi, pete zinaganda. Na bado inakunywa lita 14 hadi 16 kwa saa. kVA 60 kwa mzigo uleule inakunywa kama lita 10 na inafanya kazi kwenye asilimia 60, ambako ndiko inakopenda.

Hatua: nenda kwenye paneli ya ukumbi siku ya mkutano wa mtu mwingine unaofanana na wako. Pima kila fezi kwa mita ya klampu, saa ya chai na saa ya kikao. Chukua kubwa kuliko zote, ongeza asilimia 25. Lifti na kiyoyozi vina mkupuo wa kuwaka, pima na huo. Jiko lisiwe kwenye jenereta ya ukumbi.

Pili, msiendeshe jenereta siku nzima kwa hofu ya TANESCO. Iwe ya dharura, swichi ya kubadili yenyewe, na UPS (betri ya kushikilia umeme) kwa sauti na vibanda vya wakalimani kuziba zile sekunde 10. Gridi sasa ina bwawa la Nyerere la MW 2,115, umeme wa ukutani ni safi mara nyingi kuliko dizeli yako ya uani.

Tatu, kiyoyozi. Arusha iko mita 1,400 juu ya bahari. Juni hadi Agosti watu wanavaa makoti asubuhi, ukumbini kiyoyozi kinawaka nyuzi 18. Chagua ukumbi wenye madirisha yanayofunguka pande mbili. Kama hayafunguki, weka 24.

---

Mchapaji

Kwa kifupi, maana uzi umekuwa mrefu.

Bango la fleksi la mita 3 kwa 6 ni kilo 8 za PVC. Likichomwa linatoa gesi ya asidi, msichome. Usiandike tarehe wala mwaka kwenye bango kubwa, weka kibao kidogo cha tarehe kinachobandikwa. Likichakaa, lina mteja: mafundi wa mikokoteni, wenye mabanda ya kuku, mama wa soko la Kilombero. Liwe limeahidiwa mtu kabla halijachapwa.

Beji: karatasi ya gramu 300 yenye tundu, bila mfuko wa plastiki. Kisanduku cha kurudishia kamba kiwe pale magari yanapopakilia. Mlango wa ukumbi mtu anautoka akiwa bado anarudi.

Mikoba: ile laini inayofanana na kitambaa, ambayo kanuni zetu zinairuhusu ikifika GSM 70 (gramu 70 kwa mita ya mraba), ni plastiki tu iliyosokotwa tofauti. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019 watu wanaiona ndiyo ya kijani. Kwanza jiulize kama mkoba unahitajika. Kama lazima, kitenge: nusu mita kwa mkoba, mita 250, pisi 46 za mita 5.5. Fundi apewe wiki 4 hadi 6. Mkiniletea oda siku tisa kabla nitawapa ile ya GSM 70 na mtanishukuru.

---

Mratibu wa Sekei

Nimechota mengi hapa, wakuu. Nabadilisha kipengele cha maji kwenye mkataba wangu, nitaweka floraidi na mahali pa kuchukulia sampuli. Mpishi, nimebaki na swali moja: mkaa. Serikali ilishaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie. Kateringi wa nje wanasema gesi inawaishia nguvu katikati ya upishi. Ni visingizio?

---

Mpishi wa Njiro

Si visingizio, wanafunga vibaya. Mtungi wa kilo 38 unaweza kutoa kama kilo 1.5 hadi 2 za gesi kwa saa mfululizo. Jiko kubwa la sufuria la lita 100 linakula kilo 1 au zaidi. Wanaunga majiko manne kwenye mtungi mmoja, alfajiri ya Julai, nyuzi 12. Gesi ikitoka kwa kasi mtungi unapoa, unashika barafu kwa nje, presha inashuka, moto unakuwa wa njano na sufuria linaanza masizi. Mtungi bado una nusu lakini mpishi anasema umeisha, anaagiza mkaa.

Kwa majiko manne unganisha mitungi mitatu kwa pamoja kwenye bomba moja lenye regyuleta ya kibiashara. Ile ya nyumbani haipitishi gesi ya kutosha. Mitungi isimame wima nje ya hema, kwenye hewa, mita 3 kutoka kwenye moto, na mpira ukaguliwe kwa povu la sabuni kila unapofungwa. Wapo wanaowasha moto kando ya mtungi ili barafu iyeyuke. Huyo mfukuze jikoni hapo hapo. Kwa watu 425, chakula cha mchana na chai mbili, anza na mitungi minne, mitatu imefungwa na mmoja wa akiba, na siku ya kwanza ipimwe kwenye mizani kabla na baada ili siku ya pili ujue unaagiza mingapi.